Maji ya Kunywa Yanaponasa Menoni

Kigoda kilinivunjikia saa nne asubuhi, mbele ya watu kumi na kitu waliokuwa wakinywa uji. Ilikuwa Agosti 2015, Sham Shui Po, upande wa Kowloon, Hong Kong, nilikokuwa nakwenda na kurudi kununua simu za mitumba na vipuri kwa ajili ya kaka yangu mwenye duka Kariakoo. Hata kabla ya kigoda, siku ilikuwa imeshaharibika. Kadi yangu ya Octopus, ile wanayolipia treni, basi hata soda, ilikuwa imedondoka nisikojua. Katoni ya vioo 200 vya simu niliyoipokea mapema ilikuwa na vioo vya toleo jingine kabisa, na aliyeniuzia alikuwa amezima simu. Halafu njiani tone la maji likanitua katikati ya utosi. Aliyepita mitaa ile mwezi wa nane analijua tone hilo. Mvua hakuna, wingu hakuna, ila viyoyozi vya ghorofa zote juu yako vinatoa jasho, na jasho lao linatafuta kichwa cha mtu.

Basi nilipokaa, mguu wa kigoda ukasalimu amri, nikajikuta sakafuni na kijiko mkononi. Bibi mwenye duka akapiga ukelele kutoka nyuma ya sufuria lake:

"Waa, gam hak zai!"

Duka zima likacheka. Kikantoni changu, yaani Kichina cha Hong Kong, wakati huo kilikuwa cha kuombea chakula na kupunguziwa bei, lakini maneno hayo nilikuwa nayo. "Hak" ni rangi nyeusi. "Zai" ni kijana wa kiume. Kila muuzaji wa mtaa ule aliniita "leng zai", kijana mtanashati, kama anavyomwita kila mwanamume ambaye hajajaa mvi. Kwa hiyo nilichosikia mimi, makalio yangu yakiwa sakafuni, ni: "Lo, kijana mweusi kweli huyu!"

Nikanyanyuka nimevimba. Weusi wangu niliingia nao dukani, kigoda kinahusikaje? Mjukuu wake, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akimsaidia asubuhi, akaniona uso ulivyobadilika, akaja mbio na Kiingereza chake. Akaniambia hapana, kaka, hapana, bibi hazungumzii ngozi. "Hak zai" ni mtu mwenye mkosi. Angeanguka Mchina mwenzake angemwambia hivyo hivyo. Bibi naye alipoelezwa nilichoelewa akashika mdomo kwa viganja viwili, kisha akaniletea "jau zaa gwai" ya bure, ule unga wa kukaanga mrefu unaochovywa kwenye uji, na ambao jina lake maana yake ni "mzuka wa kukaangwa". Nikaula mzuka wangu kimyakimya.

Nilianza kukusanya misemo yao ya mkosi siku ile ile, kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la hesabu za vipuri. Niliporudi Tanga daftari lilikuwa na misemo mingi kuliko hesabu, jambo ambalo kaka yangu hajanisamehe.

Nianze na weusi wenyewe, maana ndiko nilikoangukia. Mkantoni anayeandamwa na nuksi atasema yuko "hak". Zikizidi, yuko "hak gwo mak dau", mweusi kuliko kidau cha wino cha seremala. Seremala wa jadi wa Kichina ana kijisanduku chenye wino na uzi. Anauvuta uzi uliolowa juu ya ubao, anaunyanyua kwa vidole viwili, anauachia, pa! mstari umenyooka. Ndani ya kijisanduku hicho hakuna kinachoonekana ila weusi. Na wapo wanaosema "tau tau pung zoek hak": kila unakoelekeza kichwa unagonga weusi. Huu wa mwisho niliuelewa bila kuelezwa, maana bibi yangu alikuwa na wa kwake: siku ya kufa nyani miti yote huteleza.

Nimeshaulizwa na jamaa, hukukereka? Nilikereka, tena siku za mwanzo kila nilipolisikia neno shingo ilikakamaa. Lakini nikajikagua. Sisi wenyewe, weusi tii, tunamsifu mtu kwamba ana moyo mweupe, na mambo yakimkwama tunasema dunia imemwia giza. Halafu neno la tusi kwa mtu mweusi wanalo, ni "hak gwai", mzuka mweusi. Hilo nimelisikia ndani ya lifti, na aliyelisema hakuwa akizungumzia bahati ya mtu. Ukishalisikia lile, hili jingine unalitofautisha hata ukiwa umelala.

Kilichonishika zaidi ni kitenzi. Sisi mkosi unatuandama. Tunasema nuksi imemwandama, balaa limemfuata, gundu limemng'ang'ania. Yeye anakimbia, nayo iko nyuma, na dawa yake ni kuzinguliwa au kuoga mpaka ing'oke. Wakantoni wanasema "haang seoi wan". "Haang" ni kutembea. "Seoi" ni -bovu, -liochakaa. "Wan" ni bahati. Mtu anatembea bahati mbovu, kama anavyotembea barabara yenye mashimo. Na mwenye heri wanasema tu "haang wan", anatembea bahati, bila hata kutaja kama ni njema. Anayekwenda ni mtu, bahati ni njia. Mjukuu yule alinionyesha kitu ambacho mimi, mtu wa mizigo, nilipaswa kukigundua mwenyewe: herufi ya "wan" ndiyo hiyo hiyo iliyochorwa kwenye mabango ya kampuni zote za kusafirisha shehena, zile nilizokuwa nazibembeleza kila wiki. Bahati na kusafirisha mzigo ni herufi moja. Kwa hiyo vioo vyangu 200 vilikuwa wan ndani ya wan, zote mbili zimepotea njia.

Wana na methali yake, ina vina kama shairi: "Haang wan jat tiu lung, sat wan jat tiu cung." Ukiwa na bahati wewe ni joka, ukiipoteza wewe ni funza. Mtu yule yule, mwili ule ule.

Ila uliobeba jina la makala hii ndio ninaoupenda kuliko yote: "Jan seoi, jam seoi dou sak ngaa." Mtu akiwa na mkosi, hata maji ya kunywa yatanasa menoni. Itazame picha hiyo. Nyama inanasa, mahindi ya kuchoma yananasa, embe dodo lina nyuzi zake. Lakini maji! Na kuna mchezo ndani yake ambao Kiswahili hakiwezi kuucheza. Kikantoni kina toni sita, sauti inapanda, inashuka, inatulia, na kila toni ni neno jingine. "Seoi" ya kwanza, ya mkosi, inasemwa juu na kubaki juu. "Seoi" ya pili, ya maji, inapanda. Kwa hiyo mkosi na maji vinafuatana mdomoni kama pacha, na asiye na sikio zuri, kama mimi, anaweza kuagiza glasi ya mkosi. Nimeagiza sana. Tena maji, kwa lugha ya mtaani kule, ni pesa. Ukikaukiwa na maji umekaukiwa na fedha, na mtu aliyefilisika hana hata cha kunasa menoni.

Na ule wa nyumba inayovuja: "uk lau gim fung je jyu", paa linavuja na juu yake imekutana na mvua ya usiku. Chumba changu kilikuwa "tong fong", yaani ghorofa ya familia moja iliyokatwakatwa vipande vya kupangisha. "Tong" ni kuchinja na kupasua, ndilo neno wanalotumia kwa samaki sokoni. Nilikuwa nakaa kwenye utumbo wa nyumba. Kitanda, jiko la umeme na choo vilikuwa vinafikiana kwa mkono. Mvua ya kwanza kubwa ilipopenya pembeni mwa dirisha usiku wa manane nilikaa kitandani nimenyanyua miguu, nikajisemea msemo huo kwa sauti, na nakiri ulinifariji. Mtu wa zamani, pengine mwenye paa la makuti, alishakaa hivi hivi na miguu juu akatafuta maneno. Kwetu angesema kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, akilea huchukuliwa na mwewe.

Jikoni ndiko Kikantoni cha balaa kinakotoka kwa wingi, na pale dukani nilikuwa na bahati ya kukaa karibu na jiko. Mchana, uji ukiisha, bibi alikuwa anaweka karai lake juu ya moto na kukaanga tambi. "Wok" ni karai. "Daai wok" ni karai kubwa, na mtu akisema "daai wok laa!" usimtafutie mafuta: amesema balaa, kimenuka. "Jat wok suk", wameiva karai moja, maana yake tumekwisha wote kwa pamoja, hakuna wa kusimulia. Anayebebeshwa kosa la mwenzake "ame-me wok". "Me" ni kitenzi cha kumbeba mtoto mgongoni kwa mbeleko, basi mfikirie mtu mzima amefunga karai jeusi la masizi mgongoni, anapita nalo mjini. Kiswahili kinasema ameangushiwa jumba bovu. Sijui lipi zito, jumba au karai, ila karai angalau unaweza kulitua.

Kisha ngisi. Kufukuzwa kazi ni "caau jau jyu", kukaanga ngisi. Nilimuuliza bibi kwa nini ngisi na sio kamba au kaa. Hakujibu kwa maneno. Alichukua kipande cha ngisi kilichochanjwachanjwa kwa kisu, akakitupa kwenye karai lililokuwa linatoa moshi. Kabla sijapepesa macho kikajikunja kutoka ncha hadi ncha, kikawa bomba. Akakinyanyua kwa vijiti akanionyesha, kisha akafanya ishara ya mtu anayekunja mkeka na kuuweka kwapani. Zamani mfanyakazi alikuwa analala kwa tajiri wake, na matandiko ni yake mwenyewe. Siku ya kufukuzwa anakunja matandiko yake, anatoka. Nikabaki namkodolea macho, maana sisi tunasema mtu amefungishwa virago, na kirago ni nini kama si mkeka wa msafiri wa kulalia? Wapagazi wa njia ya Ujiji na vibarua wa Guangzhou hawakuwahi kuonana, lakini waajiri wao waliwafundisha neno moja.

Mengine nayapitia kwa haraka, kwa sababu ya utamu tu. "Dou se lo haai", amemwaga tenga la kaa, husemwa kwa aliyezidiwa na mambo yanayokimbia kila upande. Mtoto wa Tanga hahitaji tafsiri. "Hak gau tau sik, baak gau dong zoi", mbwa mweusi kaiba chakula, mbwa mweupe kapata kipigo. Hapa kwa mara moja mweusi ndiye mwenye bahati, na nilihakikisha naikariri. "Soeng dak saan do zung jyu fu", apandaye mlima mara nyingi mwisho hukutana na chui milia; sisi tunamhesabia mwizi siku arobaini. Lipo na "puk gaai", kuanguka kifudifudi barabarani, ambalo ni laana na tusi, na ambalo madereva wa Hong Kong hulitumia kama sisi tunavyotumia honi. Mbele ya bibi sikulitamka hata siku moja.

Lakini ukidhani watu hawa wanataja mkosi ovyo kwa vile wana misemo mingi, kaa mezani nao. Kuutania mkosi uliokwisha kutokea ni ruhusa, hata wajibu. Kuutaja ambao haujaja ndio kosa kubwa, na kosa hilo nililifanya.

Bibi alikuwa anakwenda kufanyiwa upasuaji wa jicho, mtoto wa jicho. Mimi kwa adabu zangu nikataka kuuliza nani ataendesha duka ikiwa atachelewa kupona. Kwa Kikantoni changu ilitoka kama "kama huponi, duka la nani?" Kijiko kikasimama hewani. "Coi!" akafoka. "Daai gat lei si! Tou hau seoi gong gwo!" La kwanza ni sauti tu ya kufukuza ubaya, kama kutema. La pili ni maneno ya heri kubwa na faida, yanasemwa kuziba tundu lililofunguliwa. La tatu ni amri: tema mate, useme upya. Nikatema, pembeni, kwa ishara. Nikasema upya kwa kusaidiwa na mjukuu: bibi atarudi na jicho la kijana. Duka likaendelea. Baadaye nikaambiwa kwamba mimi ni "wu aa hau", mdomo wa kunguru. Kwetu ni ndege mbaya. Bundi akilia juu ya paa, mtu mzima anatoka kumfukuza. Kwao mdomo wenyewe ndio ndege. Na wana uchungu wa muda mrefu juu ya jambo hilo: "hou ge m leng, cau ge leng", mazuri unayotabiri hayatimii, mabaya ndiyo yanayotimia. Mama yangu angesema kinywa huumba, nao wangemwekea kigoda akae.

Kwa hiyo wameipitia lugha yao kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Kila neno linalofanana kwa sauti na ubaya limebadilishwa. Nilipotafuta chumba niliona kila mahali matangazo ya "gat uk", nyumba ya heri. Nikajiuliza Sham Shui Po hii kuna heri gani nyingi hivi? Nikamwomba dalali anipeleke kwenye moja, nikitegemea labda ina upepo mzuri. Ilikuwa tupu tu. Tupu kwa Kikantoni ni "hung", na "hung" nyingine, kwa sauti ile ile, ni balaa. Hakuna atakayepanga nyumba ya balaa, basi nyumba tupu inaitwa ya heri. Ini la nguruwe ni "gon", inasikika kama kukauka, na kukauka ni ufukara. Linaitwa "jeon", lenye unyevu. Ulimi ni "sit", unasikika kama kula hasara. Buchani unaitwa "lei", unaosikika kama faida. Dodoki linalopikwa kama mboga lina jina linalokaribiana na kushindwa, likapewa jina la ushindi. Kitabu cha kalenda ya siku njema na mbaya, ambacho kwa haki kingeitwa "tung syu", nacho kimeitwa "tung sing", ushindi mtupu, kwa sababu "syu" ni kitabu na "syu" ni kushindwa.

Hiyo "syu" ina historia na mimi. Jioni, duka likifungwa, meza moja ilibaki ya mahjong, mchezo wao wa vigae, kwa wazee wanne. Nikaenda nikasimama nyuma ya mzee mmoja na kitabu changu cha kujifunzia Kikantoni, nimekifungua. Mzee akageuka: "Syu! Syu!" Wakaitikia wote, huku wanapunga mikono. Nilifikiri nafukuzwa kama kuku aliyeingia kwenye mpunga uliotandazwa juani. Na kweli nilikuwa nafukuzwa, ila sababu ilikuwa kitabu: nimewaletea kushindwa mezani, tena kumefunguliwa kurasa. Mzee alipoteza raundi hiyo. Mpaka naondoka Hong Kong alikuwa akiniona anaangalia mikono yangu kwanza.

Mimi sikuyaona haya kama ushamba. Bibi mzaa baba alitulea hivyo hivyo. Nyoka hakutajwa usiku, alikuwa "kamba", na ukisema jina lake unaambiwa umemwita. Ufagio haukuguswa baada ya magharibi, utafagia riziki. Kule ni siku ya mwaka mpya ambayo ufagio unafichwa kabisa, na viatu havinunuliwi mwezi wa kwanza kwa kuwa kiatu ni "haai", sauti ile ile ya mtu anayeguna kwa huzuni. Nani anataka kuguna mwaka mzima?

Habari za namba nne huenda mnazijua, "sei" ya namba na "sei" ya kufa zinatenganishwa na toni peke yake, na lifti nyingi zinaruka ghorofa ya 4, ya 14 na ya 24. Sitaki kukaa hapo. Niseme tu kwamba mwaka 2016 namba ya gari "28" iliuzwa kwenye mnada wa serikali ya Hong Kong kwa dola za kule milioni 18.1, kwa sababu inasikika kama "kutajirika kirahisi". Tuliiangalia kwenye televisheni ya dukani. Bibi alisema mwenye kuinunua alikuwa tayari ameshatajirika, sasa hiyo namba imfanyie nini.

Mwaka huo huo, sikukuu ya mwaka mpya wao, alinichukua hadi hekalu la Che Kung, Sha Tin. Siku ya tatu ya mwaka inaitwa "cek hau", mdomo mwekundu. Ukimtembelea ndugu siku hiyo mtagombana, basi watu wanaacha ndugu na kwenda hekaluni. Kuna pangaboi za shaba unazizungusha kwa mkono ili bahati igeuke, na vijiti vya mianzi ndani ya kikopo unavyotikisa mpaka kimoja kidondoke, namba yake ndiyo utabiri wako. Kila mwaka mtu mmoja hutikisa kwa niaba ya Hong Kong nzima. Mwaka 2003 aliyetikisa alikuwa kiongozi wa serikali aliyeshika mambo ya ndani, kikadondoka kijiti namba 83, miongoni mwa vibaya kabisa: shairi lake linasema juu ya mashua iliyotweka tanga kwa mkondo mzuri, ikapigwa na wimbi katikati ya safari. Wiki chache baadaye ikaingia SARS, ule ugonjwa wa mapafu wa kuambukiza. Hong Kong peke yake waliugua watu 1,755, wakafa 299. Bibi alinisimulia hayo kwenye foleni, kwa sauti ya chini, kisha akatema mate ya ishara, kisha akanikabidhi kikopo nitikise. Mikono ilikuwa inanitetemeka. Nilipata cha wastani. Akanipongeza kana kwamba nimefaulu mtihani.

Machi ukaja, na pamoja nao siku ya "ging zat", wakati radi ya kwanza inaamsha wadudu waliolala ardhini na, pamoja na wadudu, mahasidi. Hapo watu huenda chini ya daraja la barabara, Causeway Bay, mahali wanapopaita Shingo ya Bata Bukini, kupiga "siu jan". Kwa maneno ni "watu wadogo", lakini kwa maana ni hasidi, mfitini, yule anayekuchekea na kukuchimba. Wanawake wazee wamekaa kwenye viti vya plastiki, mbele yao mishumaa, ubani na tofali. Mwaka ule ulikuwa unatoa dola 50 za kule, unamtaja adui yako, mzee anachukua kikaratasi chenye umbo la mtu, anakiweka juu ya tofali, anavua kiatu. Na kiatu kinashuka. "Daa nei go siu jan tau, dang nei jau hei mou deng tau!" Nakupiga kichwa chako, uwe na pumzi usiwe na pa kupumulia! Baada ya kichwa ni mkono, mguu, mdomo, kila kiungo na ubeti wake, magari yananguruma juu, pembeni kuna chui wa karatasi aliyepakwa mafuta ya nguruwe mdomoni ili ashibe asiwadhuru watu.

"Jina?" mzee akaniuliza. Alikuwa amekwisha vua kiatu.

Nilikuwa na jina. La yule wa vioo 200. Fedha sikurudishiwa, na kaka yangu alikuwa bado ananikumbusha kila simu. Lakini jina likagoma kutoka, sijui kwa woga wa dini au kwa huruma. Nikasema sina hakika linavyoandikwa. Bibi wa uji akanitazama kwa jicho lake jipya, akasema, "Po coi dong zoi." Mali iliyopotea imezuia janga. Kisha akamwambia mzee apige hasidi asiye na jina, na kiatu kikaanza kazi. Vioo 200 vilizuia janga gani sitajua, na hilo ndilo tatizo la msemo huo: hauwezi kukosea. Wetu nao wapo wanaosema ichukulie kuwa sadaka.

Nilirudi Tanga mwaka uliofuata. Jioni moja ya kwanza kwanza, baada ya isha, nilikuwa namsaidia mama kutoa vyombo, bakuli la kauri likaniponyoka. Lilikuwa la seti yake ya harusi. Mama akafungua mdomo, akawahi kujizuia, akasema, "Basi, limekwenda na shari zake."

Mimi, bila kufikiri: "Lok dei hoi faa, fu gwai wing waa!"

"Unasemaje?"

Nikamweleza kwamba kule chombo kikivunjika wanasema hivyo, haraka, kabla ubaya haujasikia: kimeanguka chini kimechanua ua, utajiri na fahari. Mama akatazama vigae vilivyotawanyika kutoka mlangoni hadi chini ya kabati, akavitazama kwa muda.

"Ua zuri," akasema. "Lizoe basi kabla watoto hawajalikanyaga."

Nikaenda kuchukua ufagio nyuma ya mlango. Tulikumbuka kwa pamoja. Nje giza lilikuwa limeshaingia, na bibi mzaa baba, ingawa alikuwa kaburini mwaka wa sita, alikuwa bado ana sauti kwenye nyumba ile. Nikaurudisha ufagio. Mama akawasha tochi ya simu, tukapiga magoti, tukaanza kuokota kwa mkono, kipande kimoja kimoja.